Daktari akifa, malalamiko dhidi yake huenda wapi?

Wiki tatu baada ya kumzika rafiki yangu, ambaye tulisoma pamoja chuo kikuu na ambaye alikuwa na kliniki yake katika mji mmoja mdogo, mkewe alinipigia simu usiku.

"Shemeji," akaniambia, "leo kumeletwa barua kutoka kwa baraza. Imeandikiwa marehemu. Wanamtaka ajibu malalamiko ya mgonjwa mmoja. Nimeitafuta faili ya mgonjwa huyo na nimeipata kabatini. Niichome tu yaishe?"

Nilimwambia, "Shemeji, usiichome. Irudishe pale pale ilipokuwa, funga kabati na ufunguo ukae nao wewe. Nitakuja kesho asubuhi."

Msomaji, mimi ndiye niliyetajwa katika wasia wa marehemu kuwa wasii, yaani mtu anayepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Nilidhani kazi yenyewe ingekuwa shamba, gari na karo ya watoto. Sikufikiri kwamba ningerithi pia uchunguzi ambao haujamalizika.

Jambo hili huwapata watu wengi kuliko tunavyodhani. Daktari, muuguzi, mfamasia au wakili anaweza kufariki huku malalamiko dhidi yake yakiwa bado mezani. Familia huachwa na barua isiyoielewa, na aghalabu hufanya moja kati ya makosa mawili: huinyamazia, au huharibu ushahidi ikidhani inalinda jina la marehemu.

Leo nitaeleza kinachofaa kufanywa. Nitatumia mfano wa daktari wa hapa Kenya kwa kuwa ndio ninaoujua. Makala haya hayachukui nafasi ya wakili, lakini yatakusaidia kujua la kumuuliza.

KIFO HUMALIZA NINI?

Madaktari wa Kenya husimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Hadi mwaka wa 2019 chombo hiki kilikuwa kikiitwa bodi, na wazee wengi bado wanakiita hivyo. Mgonjwa akilalamika, daktari hutakiwa kujibu kwa maandishi na kutoa faili ya matibabu. Malalamiko yakionekana kuwa na uzito, hufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu na maadili.

Daktari akipatikana na kosa, anaweza kupewa onyo, kuamrishwa arudi mafunzoni, kusimamishwa kazi kwa muda au kunyang'anywa leseni. Tazama adhabu hizo kwa makini. Zote zinamhusu mtu aliye hai. Leseni ya udaktari ni ya mtu binafsi; haiuzwi wala hairithiwi. Huwezi kumsimamisha kazi mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kwa sababu hiyo, kwa kawaida kesi ya nidhamu dhidi ya daktari aliyefariki hufungwa bila ya uamuzi. Mashtaka ya jinai nayo hukoma mshtakiwa anapofariki.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulipokea kwa uchungu. Kufungwa bila ya uamuzi hakumaanishi kwamba marehemu alikuwa na hatia, wala hakumaanishi kwamba amesafishwa. Mjane wa rafiki yangu alitaka baraza liandike kwamba mumewe hakukosea. Mgonjwa naye alitaka liandike kwamba alikosea. Wote wawili hawakupata.

KIFO HAKIMALIZI NINI?

Usije ukadhani basi kwamba nakala ya cheti cha kifo ikipelekwa, mambo yote yamekwisha. Kuna mambo manne yanayobaki.

Kwanza ni kliniki yenyewe. Baraza hutoa leseni kwa madaktari na pia kwa kliniki na hospitali. Ikiwa malalamiko yanagusa mahali pa kazi, kama vile vifaa, usafi au jinsi faili zinavyowekwa, kifo cha mwenye kliniki hakifuti maswali hayo.

Pili ni watu wengine waliohusika. Pengine kulikuwa na daktari mwenzake, muuguzi au afisa wa kliniki aliyemhudumia mgonjwa huyo. Hao wana mabaraza yao na watahitaji faili hiyo hiyo ili kujieleza. Ukiichoma, umewanyima hata wao nafasi ya kujitetea.

Tatu ni madai ya fidia. Sheria ya Kenya, Sura ya 26, inasema kwamba haki ya kudai, iwe ni ya marehemu au ni dhidi yake, hubaki na mali yake baada ya kifo, isipokuwa kwa mambo machache kama vile kashfa. Kwa hivyo mgonjwa aliyeumizwa na uzembe anaweza kuendelea kudai, na atakayejibu ni msimamizi wa mali ya marehemu.

Nne ni siri za wagonjwa. Daktari hufa, lakini wajibu wa kutunza siri hubaki mikononi mwa anayeshika faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Shemeji, kaka na binamu hawana ruhusa ya kukaa sebuleni wakipitia faili moja baada ya nyingine.

NANI ANA MAMLAKA?

Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize kwanza wewe ni nani kisheria.

Ikiwa umetajwa katika wasia, mamlaka yako yanatokana na wasia wenyewe. Mahakama ikishauthibitisha wasia huo, yale uliyoyafanya kwa halali tangu siku ya kifo huhesabiwa kuwa halali. Hata hivyo, benki na kampuni ya bima zitataka kuona hati ya mahakama.

Ikiwa marehemu hakuacha wasia, hali ni tofauti. Hata ukiwa mjane au mtoto wa kwanza, mamlaka yako huanza siku mahakama inapokupa hati ya usimamizi, si siku ya mazishi. Maombi hayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga.

Mtu anayeingilia mali ya marehemu bila ya mamlaka hutenda kosa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inaweka faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuuza mashine ya kliniki wiki moja baada ya matanga kunaweza kukuingiza katika kosa hilo.

Je, kukiwa na haraka? Mahakama inaweza kutoa hati ya muda ya kukusanya na kulinda mali peke yake, au hati ya kumwakilisha marehemu katika kesi fulani tu. Mwambie wakili kwamba kuna uchunguzi unaoendelea ili aombe hati inayofaa.

KAZI YA SIKU ZA KWANZA

Mimi nilifika kwa shemeji asubuhi iliyofuata, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Nawe unaweza kuyafuata.

Tuliandika tarehe barua ilipofika na jina la aliyeileta. Tukaiweka pamoja na bahasha yake katika faili mpya.

Tulifunga kabati la faili kwa kufuli na kuandika orodha ya vitu vilivyokuwamo, bila ya kusoma yaliyo ndani. Faili iliyolalamikiwa ilitiwa katika bahasha na kufungwa, nasi sote wawili tukatia sahihi juu yake. Ukiona kosa la tahajia katika maandishi ya marehemu, liache. Ukiona ukurasa haukutiwa tarehe, usiutie. Faili iliyorekebishwa baada ya kifo ni mbaya kuliko faili yenye kasoro.

Tulikusanya mihuri ya marehemu na vitabu vyake vya kuandikia dawa, tukavifungia. Muhuri wa daktari aliyekufa ukiangukia mikono mibaya unaweza kuandika dawa za kulevya na vyeti vya ugonjwa kwa miaka mingi.

Dawa kali kama vile morfini na pethidini zilihesabiwa mbele ya mashahidi na hesabu ikalinganishwa na rejista. Dawa hizi hazigawanywi kwa majirani wala hazimwagwi chooni. Iulize Bodi ya Dawa na Sumu jinsi ya kuzikabidhi. Ikiwa kliniki ina mashine ya eksirei, zungumza kwanza na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya kabla ya kuihamisha au kuiuza.

Mwisho, tuliwaambia wafanyakazi wasimame kazi. Muuguzi mmoja alikuwa bado anapokea wagonjwa "kwa jina la daktari". Nia yake ilikuwa njema, lakini jina hilo halikuwa tena na leseni ya kumkinga yeye wala mgonjwa.

KUANDIKIA BARAZA

Barua ya kwanza kwa baraza iwe fupi. Taja jina la marehemu na nambari yake ya usajili, tarehe aliyofariki, na nambari ya malalamiko iliyo kwenye barua yao. Ambatisha nakala ya cheti cha kifo. Ikiwa bado hakijatoka, sema kwamba utakileta. Eleza wewe ni nani na umefikia wapi katika kutafuta hati ya mahakama.

Kisha uliza maswali manne: kesi hii imefikia hatua gani? Je, inahusu kliniki au mtu mwingine yeyote? Mnahitaji karatasi zipi, na je, nakala zilizothibitishwa zinatosha? Na mkiifunga, mtatuandikia?

Usieleze matibabu yalivyokuwa. Hukuwapo. Usiseme "marehemu hakukosea", wala usiseme "tunakiri". Hii haikuzuii kuwa na utu. Ukikutana na mlalamishi sokoni, unaweza kumwambia "pole kwa yaliyokupata". Pole si kukiri kosa.

Toa nakala na ubaki na faili yenyewe, isipokuwa baraza au mahakama iamrishe vinginevyo. Ukilazimika kuitoa, baki na nakala kamili na stakabadhi ya aliyeipokea.

Taaluma nyingine hufuata mkondo huo huo, ingawa mlango wa kubisha ni tofauti. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki wana lao, na mawakili wana chama chao cha sheria. Kwa wakili kuna jambo moja la kuzingatia sana: pesa zilizo katika akaunti ya wateja si mali ya marehemu. Usiziguse.

USISAHAU BIMA

Madaktari wengi siku hizi wana bima ya kulipia madai ya wagonjwa. Tafuta cheti cha bima katika karatasi za marehemu mapema, hata kabla hujatafuta hatimiliki ya shamba.

Kuna aina mbili za bima hizi. Moja hulipa ikiwa tukio lilitokea wakati bima ilipokuwa hai, hata dai likija baadaye. Nyingine hulipa tu ikiwa dai limeletwa na kampuni kuarifiwa kabla ya bima kwisha. Ukichelewa kwa aina hii ya pili, familia inaweza kulipa kutoka mfukoni dai ambalo bima ingelilipa.

Kwa hivyo andikia kampuni ya bima mara moja, uambatishe barua ya baraza, na uulize kama kuna kinga inayoweza kuendelezwa baada ya kifo. Usimwahidi mgonjwa fedha kabla ya kampuni kujibu, kwa maana nyingi hukataa kulipa mteja akikubali kosa bila ya ruhusa yao.

KESI NA MUDA WAKE

Ikiwa mgonjwa alikuwa amekwisha kwenda mahakamani kabla ya kifo, kesi haifi papo hapo. Kanuni za kesi za madai za mwaka wa 2010, Agizo la 24, zinampa mlalamishi mwaka mmoja wa kuomba msimamizi wa mali aingizwe mahali pa marehemu. Mwaka ukipita bila ya maombi hayo, kesi dhidi ya marehemu huanguka, ingawa mahakama inaweza kuifufua kwa sababu nzuri.

Madai ya uzembe kwa kawaida hutakiwa kufunguliwa katika muda wa miaka mitatu. Sheria ina masharti zaidi ya muda kwa madai yanayofunguliwa baada ya mtu kufariki, kwa hivyo mwachie wakili ahesabu siku.

Kwa upande wako, jambo kubwa ni hili: usigawe mali haraka. Madeni hulipwa kabla ya urithi. Kwa kawaida hati ya mahakama huthibitishwa baada ya miezi sita, na hapo ndipo mali hugawanywa. Tumia miezi hiyo kujua ukubwa wa dai. Huwajibiki kwa mali yako mwenyewe kwa makosa ya marehemu. Lakini ukigawa kila kitu huku ukijua kwamba kuna dai, unaweza kutakiwa ulipe hasara uliyoisababisha.

FAILI ILIKUWA NA NINI?

Sasa niwarudishe kwenye ile bahasha. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Mlalamishi alikuwa mama aliyekwenda kwa marehemu akiwa na uvimbe kwenye titi. Alikatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Alidai kwamba alirudi mara mbili kuulizia majibu akaambiwa hayajafika, kisha akasikia daktari amelazwa. Alilalamika kwa baraza kwa sababu hakujua mlango mwingine wa kubisha.

Wakili wetu alipopokea ombi lake la maandishi la kutaka nakala ya faili, tuliifungua bahasha mbele ya mashahidi. Nyuma ya kadi, ikiwa imebanwa pamoja na risiti, ilikuwapo karatasi ya maabara. Ilikuwa imefika. Haikuwa imetiwa sahihi ya mtu yeyote kuonyesha kwamba imesomwa. Ilisema kansa.

Nadhani rafiki yangu hakuiona. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, akifanya kazi kwa nusu ya nguvu zake na hataki kumwambia mtu. Lakini hilo ni wazo langu tu, na sikuliandika popote.

Mama yule alipewa nakala siku hiyo hiyo na kuelekezwa hospitalini, ambako alianza matibabu. Baraza lilifunga kesi ya nidhamu dhidi ya marehemu. Kampuni ya bima, iliyoarifiwa kwa wakati, ilizungumza na wakili wa mama huyo wakaafikiana. Nyumba ya mjane haikuguswa.

Fikiri kama ile faili ingechomwa usiku ule. Tungedhani tumeokoa jina la marehemu, kumbe tumemnyima mgonjwa habari ya uhai wake.

AFYA YA WANAOBAKI

Kama daktari, siwezi kumaliza bila ya kusema juu ya afya yenu. Msiba pekee ni mzigo; msiba wenye barua za uchunguzi ni mzigo maradufu. Nimewaona wajane wakiacha dawa za shinikizo la damu au kisukari kwa sababu akili zote ziko kwenye karatasi. Endelea na dawa zako.

Chagua mtu mmoja wa kupokea barua na simu zote. Panga saa maalumu ya kuzishughulikia mchana, usizisome kabla ya kulala. Watoto wakubwa waambie ukweli kwa maneno machache, kabla hawajausikia kwa majirani.

Kukosa usingizi na hamu ya chakula katika wiki za kwanza ni kawaida. Lakini ukipitisha wiki nyingi bila ya kuweza kufanya kazi za kila siku, ukianza kutegemea pombe, au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitalini bila ya kungoja. Wasii pia ni binadamu. Maneno haya yanamhusu.

KWA MGONJWA NA KWA DAKTARI

Ikiwa wewe ni mgonjwa na daktari wako amefariki, una haki ya kuomba nakala ya matibabu yako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa unazihitaji ili kulinda haki yako. Andika ombi fupi kwa familia au kwa wakili wao. Usingoje kesi iishe ndipo utafute matibabu.

Na wewe daktari mwenzangu unayesoma haya: ikiwa una barua ya baraza ndani ya droo, mwambie mwenzi wako leo. Andika jina la kampuni yako ya bima na nambari ya cheti mahali panapojulikana. Taja katika wasia wako mtu atakayepokea faili za wagonjwa, na umwulize kwanza kama anakubali. Mimi nilipofika nyumbani baada ya mambo hayo yote, nilikaa mezani nikaandika karatasi hiyo. Ilinichukua chini ya nusu saa.